Kufadhili si kumfanya mtu mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo la neno moja tu, ambalo kwa majuma kadhaa limezua manung'uniko katika kikundi chetu cha wakulima wa viazi huku Rungwe, na ambalo naamini linawahusu wasomaji wako wengi zaidi ya sisi tunaolima juu ya mji wa Tukuyu.

Tuliletewa kipeperushi cha kurasa nne kutoka kwa wataalamu wa mradi mmoja wa kilimo. Kiliandikwa kwanza kwa Kiingereza kisha kikatafsiriwa, na kimechapwa vizuri, kwa karatasi nzito yenye picha za rangi. Katika ukurasa wa tatu, chini ya maelezo ya namna maofisa ugani wanavyopaswa kuzungumza na wakulima, palikuwa na sentensi hii: “Mtaalamu asimfadhili mkulima.” Katibu wa kikundi aliisoma kwa sauti, akanyamaza, akairudia. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akauliza kama ndiyo tunaambiwa kwamba ule mpango wa mbegu bora umefutwa. Mama mmoja akasema, wala hakuwa na hasira, kwamba afadhali wameandika mapema ili tusiendelee kusubiri. Kikao kilivunjika watu wakiamini kwamba msaada umekatika, na wawili kati yao walikwenda siku ileile kukopa fedha za mbegu kwa riba.

Mimi nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na sentensi ile haikuniacha nilale. Nilitafuta nakala ya Kiingereza, nikaipata, nikaona chanzo cha balaa lote. Pale palikuwa na neno patronize, ambalo kwa Waingereza lina maana zaidi ya moja. Maana yake mojawapo ni kumsaidia mtu au kazi yake kwa mali na ulinzi, na hapo mtafsiri angekuwa sahihi kuandika kufadhili. Lakini maana nyingine, ndiyo iliyokusudiwa katika kipeperushi, ni kusema na mtu mzima kama unayesema na mtoto: kumwonea huruma ya kiburi, kumweleza polepole jambo alilokuwa akilifanya kabla hujazaliwa, kumpigapiga begani kwa sababu amejibu swali. Waandishi walitaka kusema kwamba mtaalamu asimdharau mkulima. Mkulima akasoma kwamba hatasaidiwa.

Inafaa kueleza jinsi neno moja lilivyokuja kubeba mizigo hii miwili, kwa kuwa historia yake ina mafunzo kwetu. Mzizi wake ni neno la Kilatini pater, yaani baba, na kutoka hapo Warumi wakapata patronus, mtu mwenye cheo anayewalinda na kuwatetea walio chini yake. Katika Roma ya kale mtumwa aliyeachwa huru hakuwa huru kabisa. Bwana wake wa zamani aligeuka kuwa patronus wake, naye yule mtu huru akachukua jina la ukoo wa bwana huyo na kuendelea kudaiwa heshima, na mara nyingi siku kadhaa za kazi. Raia maskini nao walikuwa na desturi ya kufika asubuhi na mapema mlangoni kwa patronus wao ili wamwamkie, na baada ya salamu wakapewa kapu la chakula, au baadaye sarafu chache badala ya chakula. Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lilikuwa na mkono unaotoa na, papo hapo, kichwa kinachoinama. Likapitia Kifaransa likaingia Kiingereza na sura zake zote mbili.

Mtu aliyelieleza kwa uchungu kuliko wote ni Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza huko London mwaka 1755, ikiwa na maneno zaidi ya 40,000. Alipoanza kazi hiyo, mwaka 1747, alitoa mpango wake na kuuelekeza kwa Lord Chesterfield, tajiri na mwanasiasa aliyetarajiwa kumfadhili. Hakupata msaada wa maana. Miaka ikapita akifanya kazi katika dhiki, na kamusi ilipokaribia kutoka, bwana yule akaandika makala mbili za kuisifu, kana kwamba ni mlezi wake wa siku zote. Johnson akamwandikia barua, mwezi Februari 1755, akimuuliza kama mfadhili si yule anayemtazama bila kujali mtu anayetapatapa majini, kisha mtu akifika nchi kavu ndipo anamsonga kwa msaada. Na ndani ya kamusi yenyewe, kwenye neno patron, baada ya kusema kwamba ni mtu anayesaidia au kulinda, akaongeza kwamba kwa kawaida ni mtu duni anayesaidia kwa jeuri na kulipwa kwa sifa za uongo. Nimefundisha lugha kwa muda mrefu, na sijui maana nyingine ya kamusi iliyoandikwa na mtu ambaye jambo lenyewe lilimkata namna ile.

Sasa turudi nyumbani. Neno letu fadhili tumelipokea kutoka Kiarabu, katika mzizi unaobeba maana ya kubaki, kuzidi na kupita kiwango. Fadhila kwa asili yake ni ile ziada: kilichozidi juu ya haki, kitu ambacho hukudaiwa ukakitoa. Tafadhali ni ombi la kumtaka mtu afanye fadhila. Afadhali ni kile kilichozidi kingine kwa ubora. Yule mama wa kikundi chetu aliyesema “afadhali wameandika mapema” alikuwa akilitumia tawi la mti uleule uliokuwa umemwangukia.

Ukitaka kuiona fadhila kwa macho, simama sokoni Mwanjelwa au soko lolote la huku mbele ya muuza viazi. Anajaza sado mpaka ukingoni, anaijenga kichwa kwa viazi vitatu vinne vilivyokaa vizuri, anamimina katika mfuko wako, kisha mkono wake unarudi kwenye fungu, unachukua viazi viwili na kuvitupia humo. Hiyo ni nyongeza. Hukuidai, naye hakukulazimisha uishukuru, na kesho hatakumbuka kama alikupa. Lakini lumbesa, ule mzigo unaofumwa juu ya gunia ambao mnunuzi wa jumla humlazimisha mkulima kuujaza kwa bei ileile ya gunia, nao ni ziada, ila ni ziada ya kunyang'anywa. Macho yanaona kilima kimoja juu ya chombo, na hata hivyo hakuna mkulima wa Rungwe, Njombe wala Makete atakayeiita lumbesa fadhila.

Kwa sababu ya asili hii, neno fadhili limebaki safi kwetu kwa namna ambayo lile la Kiingereza halikuweza. Wazazi huwaita watoto wao Fadhili na Fadhila. Makanisani huku nyanda za juu husomwa Zaburi ya 136, ambayo katika Biblia ya Kiswahili kila moja ya aya zake 26 hurudi kwenye maneno “fadhili zake ni za milele”, na sijapata kumwona msikilizaji aliyehisi kwamba anadogoshwa kwa kuyasikia. Hata hivyo Biblia hiyohiyo ina onyo, katika Luka 22:25, Yesu anaposema kwamba wafalme wa mataifa huwatawala watu wao, na wenye mamlaka juu yao huitwa wenye fadhili. Hakuwa akisema kwa mafumbo. Wafalme wa zama zile walijipa jina hilo kama cheo. Ptolemaio wa tatu, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 246 kabla ya Kristo, anajulikana hadi leo kwa jina la Kigiriki la Euergetes, yaani Mfadhili. Mtu akishaligeuza tendo lake jema kuwa cheo, amekwisha kuanza safari ya kuelekea kule neno la Kiingereza lilikofika.

Ndipo ninapofikia yale wanayoyasema baadhi ya watu, kwamba Kiswahili hakina namna ya kuieleza ile maana ya pili. Si kweli. Kiswahili kina maneno ya jambo hili, tena kinayagawa kwa umakini kuliko Kiingereza, kwa sababu kinatofautisha makosa mawili ambayo Kiingereza kinayafunga katika furushi moja.

Kosa la kwanza ni kusimanga. Maana yake ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili aumie, na maneno yenyewe huitwa masimango. Wengine husema kusimbulia. Neno hili nililijifunza nikiwa chuo cha ualimu, kutoka kwa mwenzangu wa Tanga, lakini jambo lenyewe nilikuwa nimeliona zamani kabla sijajua jina lake. Nilipokuwa mtoto, mwaka mmoja ugonjwa wa viazi ulikausha shamba letu lote, na jirani yetu mmoja akampa baba yangu madebe mawili ya mbegu. Tangu siku hiyo jirani yule hakupita njia ya shamba letu bila kuuliza, “Viazi vyangu havijambo?” Aliuliza mbele ya wageni, aliuliza mbele yetu watoto, na Jumapili moja aliuliza nje ya kanisa watu wakitoka. Baba alijibu kila mara kwamba havijambo. Siku ya kuvuna alipima madebe mawili, akaongeza la tatu juu yake, akatupakia mimi na kaka yangu, akasema, “Mwambieni viazi vyake havijambo, vimerudi.” Mama alilalamika kwamba debe la tatu lilikuwa chakula chetu cha siku nyingi. Baba hakumjibu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba lile debe la tatu ndilo alilolitaka zaidi kulirudisha: alitaka ziada itoke upande wake.

Dini zetu kubwa mbili zimelikemea kosa hili waziwazi. Kurani, katika sura ya pili, aya ya 264, inawakataza waumini kuziharibu sadaka zao kwa masimango na maudhi, na Injili ya Mathayo inataka mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kuume. Lakini ukizitazama methali zetu za fadhila utaona kwamba zimetungwa zaidi na upande wa watoaji. “Fadhila ya punda ni mateke.” “Mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, binadamu ana maudhi.” (Katika methali hii ya pili mfadhili si jina la mtu, ni amri, yaani umfadhili mbuzi, na vijana wengi hukosea hapo.) Zote mbili ni malalamiko ya aliyetoa akaona hakushukuriwa. Aliyepokea hakupewa methali za kutosha. Alipewa neno masimango, nalo linamtetea vizuri.

Kosa la pili halihitaji kwamba uwe umetoa chochote. Ni lile la kumfanya mtu mtoto. Mtu wa kwetu akiambiwa jambo kwa sauti ya kubembelezwa asiyoistahili hujibu, “Usinifanye mtoto,” au “Mimi si mtoto wako.” Angalieni jinsi jibu hili linavyogonga palepale penye mzizi wa Kilatini: patronus ni anayejifanya baba, na mkulima wetu, asiyejua Kilatini hata neno moja, anakataa kufanywa mwana. Katika maandishi rasmi tunaweza kusema kumtweza au kumdunisha. Ila nisingeshauri mtu atumie kujishusha, ingawa nimeliona likitumika kutafsiri neno jingine la Kiingereza, condescend, ambalo kwa herufi ni kushuka. Waingereza wa karne ya 18 walimsifu mkubwa aliyeshuka kuzungumza na mdogo, baadaye neno likageuka kuwa lawama. Kwetu kujishusha bado ni unyenyekevu, na namwomba Mungu libaki hivyo.

Ipo hata maana ya tatu ya neno lile la Kiingereza, kuwa mnunuzi wa kudumu wa duka fulani, na hiyo nayo tunayo, tena nzuri kuliko zote. Basi likisimama stendi, akina mama huja na sahani za ndizi vichwani, wakizinyanyua hadi dirishani, wakisema, “Baba, niungishe.” Haombi, wala hajishushi. Anakualika muunganishe mkono wako na wake: yeye abaki na fedha, wewe uende na ndizi, na hakuna anayemdai mwenzake shukrani ya maisha.

Basi kama lugha imejitosheleza kiasi hiki, kwa nini nina wasiwasi? Kwa sababu naona neno mfadhili likianza kuugua ugonjwa uleule, na magazeti yetu, pamoja na hili ninaloliandikia, yanasaidia kuueneza. Zamani kitenzi hiki kilimtaka mtu: tulisema “alinifadhili nikiwa yatima”, au “alitufadhili mwaka wa njaa”. Siku hizi kinataka mradi. Semina hufadhiliwa, ripoti hufadhiliwa, hata kikao cha kupanga kikao kingine hufadhiliwa, na yule binadamu aliyetendewa wema ametoweka katika sentensi, amebaki kuwa mnufaika.

Mwaka jana nilihudhuria makabidhiano ya madawati katika shule moja huku kwetu. Watoto walipangwa mistari tangu asubuhi, na manyunyu ya Tukuyu mnayajua. Mshereheshaji akapaza sauti, “Watoto, tunamwambiaje mfadhili?” Wakajibu, “Ahsante!” Akasema hajasikia. Wakarudia. Akasema bado. Nyuma yao, chini ya mti, walisimama akina mama waliobeba mawe na maji kwa ajili ya msingi wa darasa ambamo madawati yale yangeingia, kwa maana kuta za darasa hilo zilijengwa hadi lenta kwa nguvu za wananchi. Hakuna aliyewataja. Madawati yalikuwa mazuri, na nasema bila kusita kwamba aliyeyatoa alifanya jambo jema; nilimwona mwenyewe akitazama chini kwa haya watoto walipolazimishwa kupiga kelele mara ya tatu. Aibu ile haikuwa yake peke yake. Tulimvika cheo ambacho pengine hakukitaka.

Ubaya unazidi neno hili linapowekwa juu ya fedha za umma. Mama anayenunua sabuni na sukari hulipa kodi ndani ya bei yake, hata kama hana namba ya mlipakodi. Barabara ikitengenezwa kwa kodi hiyo, au kisima kikichimbwa kwa fedha za Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao uliwekewa sheria mwaka 2009, hakuna aliyefadhiliwa. Amerudishiwa chake. Gazeti linapoandika kwamba kiongozi fulani “amewafadhili” wananchi kisima cha aina hiyo, linamfanya mwenye mali kuwa mwombaji mlangoni pake mwenyewe, kama wale Warumi na makapu yao alfajiri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya kwamba kutegemea misaada na mikopo ya nje kunaweza kuhatarisha uhuru wetu, na mwaka huohuo lilianzishwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Sioni kwamba mambo hayo mawili yalikuwa mbali sana, kwa kuwa anayepoteza neno la kumtofautisha mtoaji na mtawala atapata taabu kuwatofautisha hao watu wenyewe.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Waandishi wako wanapotaja fedha za serikali, waseme ni fedha za umma. Wanapotaja watu walioungana kujenga, waseme wamechangia, na wahesabu mawe na maji pamoja na hundi. Neno kufadhili walitunze kwa ajili ya yule aliyetoa kisichodaiwa, na nafasi ikiruhusu wamtaje pia aliyepokea kwa jina lake. Na wale wanaotafsiri vipeperushi vya wakulima wampe mkulima mmoja asome kabla ya kuchapa. Haichukui hata nusu saa.

Kuhusu kipeperushi chetu, nilikipeleka tena kwenye kikao kilichofuata. Nilikuwa nimefuta ile sentensi kwa kalamu na kuandika pembeni yake: “Mtaalamu asimfanye mkulima mtoto.” Katibu akaisoma kwa sauti. Yule mzee wa karibu na mlango akaomba arudiwe, akarudiwa, kisha akauliza kama hayo maneno yamo pia katika nakala waliyopewa maofisa wenyewe. Nikamjibu kwamba bado hayamo, na kwamba nitaandika barua.

Wako katika ujenzi wa lugha,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Tukuyu, Mbeya